Kwato Chini ya Viatu Vyangu

Malindi, Juni 1912

Kwa Waheshimiwa Wenye Kampuni ya Viatu vya Mbio, Chapa ya Paa, Uingereza.

Waheshimiwa Mabwana,

Baada ya salamu nyingi na kuwatakia afya njema, nyinyi na mafundi wenu, najulisha kuwa mimi ni Gona wa Kambi, tarishi wa kupeleka mfuko wa barua kwa miguu kutoka Malindi hadi Kilifi. Kuandika nilifundishwa Rabai, shuleni kwa wamisionari. Kukimbia sikufundishwa na mtu. Miguu yangu haikupata kuingia kiatuni mpaka juzi juzi, Bwana Jamnadas mwenye duka alipoleta viatu vyenu vyeupe vya turubai na mpira. Nakiri ni vyepesi, na miiba haipenyi. Kwa hiyo msidhani nawachukia. Nawalalamikia tu, kama ifuatavyo:

1. Chini ya soli mmechora kwato. Siku ya kununua sikuzitazama, maana kiatu nilikiangalia kwa juu, upande unaoonekana na watu. Sasa, mabwana, hapa pwani hata mtoto anajua kuwa kiumbe mwenye umbo la mtu na miguu ya kwato ni jini. Mngeuliza kabla ya kuchora. Safari ya kwanza nilipumzika njiani, nikageuka, nikaona alama za kwato mchangani zimenifuata tangu Malindi. Nikatoka mbio. Nikageuka tena: bado zipo, tena zimenifikia kisiginoni! Siku hiyo barua ziliwahi kufika kuliko siku zote, na bwana wa ofisi akanisifu mbele ya watu. Sifa ile siitaki.

2. Nilipovua viatu nipate kukimbia vizuri zaidi, jini akaacha kunifuata. Nikakata shauri kuwa huyu ni jini anayeogopa miguu mitupu, na nikawatangazia watu wa njia nzima. Tangu hapo Masha mgema hashuki mnazini mpaka aitwe kwa jina na watu anaowafahamu. Wazee walipotafuta mtu wa mbio wa kumwandama jini huyo, wakanichagua mimi. Nikavaa viatu, jini asije akaniogopa. Tulizunguka kutwa, na ajabu ni kwamba kila tulipopita mara ya pili, nyayo zilikuwa mpya.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu Mbeyu aliviosha viatu, akavianika juu ya ua, soli juu. Akaziona kwato kabla mimi sijaziona. Alifunga vitu vyake akaenda Ganze kwa mamake, Kadzo, akamwambia kuwa ameolewa na jini mwenye desturi ya kuvua miguu yake mlangoni. Nyumba imenyamaza, mabwana. Napika sima mwenyewe na haifai hata kwa kuku. Nampenda Mbeyu, na nasema wazi kwa kuwa nyinyi mko mbali.

Nilimfuata Ganze. Lakini kwetu mtu hamkodolei macho mamamkwe wala hamsemeshi ovyo, basi nilisimama nje ya ua nikitazama pembeni. Naye akasema na mbuzi wake, kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie huyo aliyeko nje alete habari ya ukoo wa hivyo viatu. Mimi sitoi mwanangu kwa kwato." Nikaacha kiatu cha kushoto juu ya ua kiwe ushahidi, nikarudi.

4. Ndipo Rasik, mpwa wa Jamnadas, akanisomea kitabu chenu cha bidhaa, na hapo hasira zikazidi. Mmeandika kuwa babu yenu alikuwa fundi wa hatamu za farasi, akamwona paa akiruka ua, akaacha hatamu akashona viatu. Sisi tukimwona paa anaruka ua tunawaza kitoweo. Kisha baba yenu akatia mpira, nanyi mkatia kwato. Ukoo gani huu, kila kizazi kinaongeza jambo? Mnauza pia viatu vya misumari, vya kukimbilia matopeni kwa hiari, vya mabibi wa kupiga mpira juu ya wavu, na vya kuzunguka uwanja mpaka mtu arudi alipoanzia, bila mfuko wa barua wala ujumbe wowote. Watu hao wanafukuzwa na nani?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, mumwandikie Mama Kadzo wa Ganze kwamba katika ukoo wenu hakujapata kutokea jini, na mtie picha ya babu yenu akiwa miguu mitupu. Pili, futeni kwato mchore kuku. Jini mwenye miguu ya kuku hatujamsikia.

Wasalimieni wake zenu, mafundi, wapiga mpira, na paa yule kama bado yu hai. Ni mimi ninayengoja majibu bila viatu,

Gona wa Kambi

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii, Mbeyu akarudi. Mamake alikishika kile kiatu, akakigandamiza kwenye udongo, akaona mkono wake mwenyewe umetoa nyayo za jini. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapiga chapa za kwato kulizunguka shamba lake la mahindi, na wezi wa mahindi Ganze sasa wanapita mbali. Kiatu hakukirudisha, nami siwezi kumdai, ni mkwe. Tafadhali leteni cha kushoto kimoja.

Kwa sasa nakimbia na cha kulia peke yake, na watu wanasema jini ameanza kupona. Jana nilipotoka na mfuko, Mbeyu alinifuata nyuma, akiweka mguu wake juu ya kila alama yangu, ya kwato na ya vidole, mpaka mchanga ulipokwisha. Anasema nikichelewa atatoka kuzitazama, ajue nimepita wapi. Kwa hiyo kwato msizifute. Yule kuku mwacheni.