Nilivyowasimamisha Wazazi wa Rumonge

Leo nimejifedhehesha, tena mbele ya wazazi wa shule nzima. Naandika nikiwa bado nimevaa kitenge cha mkutano.

Ilikuwa saa tatu kamili asubuhi, Jumamosi (mimi saa na tarehe hazinipotei). Tulikutana shuleni, hapa Rumonge, Burundi, kumchagua mjumbe mmoja wa komite ya wazazi. Kiti hicho nilikitaka kwa ajili ya mjukuu wangu, Neema. Kigoma alikuwa darasa la tano. Hapa amerudishwa la tatu kwa sababu hajui Kifaransa. Hesabu anawafundisha wenzake! Nilikusudia komite iwapatie watoto waliorudi kutoka Tanzania masomo ya Kifaransa ya mchana.

Mpinzani wangu, Baba Divine, mfanyabiashara wa mawese, alisimama akijipapasa tumbo.

"Hawa watu ya Tanzania wako wachache tu. Juu yao tutafute mwalimu? Mimi nimezaliwa Minago, hapa hapa Burundi, nimesoma Minago. Shikamoo, shikamoo, hiyo haipitishe mutoto kwenye mutihani!"

Watu wakacheka. Nikainamisha kichwa, nikawa nakariri hotuba yangu ya Kifaransa (sentensi nne, na mbili ni salamu).

Ndipo mlango ukafunguka. Akaingia direkta mpya, mkuu wa shule, kijana wa rika la kitindamimba wangu, chaki mkononi. Sasa, wapendwa, fahamuni jambo moja: darasa la kwanza nililianza Kigoma nikiwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kumpita mwalimu. Kwa urefu huo nikafanywa kiranja hadi la saba. Viatu vya mwalimu vikilia mlangoni, kichwa changu hakiulizwi.

Niliruka juu. "Darasaaa, simama!"

Mwanamke mzima, mjane, bibi wa wajukuu! Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha viti vikakwaruza nyuma yangu. Zaidi ya nusu ya ukumbi walikuwa wima, mikono imenyooka ubavuni:

"Shi-ka-moo mwa-li-mu!"

Direkta, mzaliwa wa milimani wanakosema Kirundi, akatukodolea macho. "Bonjuu?"

Hakuna aliyekaa. Tungekaaje? Tulilelewa hivyo Tanzania: mwalimu asipoitikia, hukai. Wazazi waliosoma Burundi walikuwa vitini wakishika mbavu.

"Mama, mbona wanasimama tu?" direkta akaninong'oneza.

"Wanangoja marahaba, mwanangu."

"Iko nini, hiyo?"

"Itamke tu. Kisha uwaulize kama hawajambo."

"Ma-ra-haba. Hamujambo?"

"Ha-tu-jam-bo mwa-li-mu!"

Sauti iliyozishinda zote ilitoka mbele. Nikageuka. Baba Divine! Wima kama mchikichi, kifua mbele, macho ukutani.

"Eh, Baba Divine!" akaita mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa huku. "Na kule Minago walikuwa wanaamkia hivyo?"

Akakaa bila ruhusa. (Kwetu hiyo ilikuwa fimbo mbili.)

Direkta alicheka hadi chaki ikamdondoka. "Bavyeyi, wazazi wangu, nikiwa mlangoni nimesikia kwamba muko wachache. Mimi naona mumejaa! Wanaomutaka huyu mama, wabaki wamesimama."

Walibaki wote. Hata baadhi ya waliokuwa wakishika mbavu wakainuka.

Komite ikaketi papo hapo. Masomo ya Kifaransa yanaanza Jumatatu, saa nane kamili, na jina la Neema ni la kwanza.

Naomba asinicheke mtu. Atakayeshindwa kujizuia, basi acheke kwa Kifaransa, mazoezi tunayahitaji.