Ejoku Aituliza Kibodi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimeonewa! Dada yangu Emmaculate ametoa amri. Kufika Jumamosi kibodi yangu iwe imenyamaza, la sivyo nirudi Kocholia kwa mama nikapalilie mihogo. Mimi! Mchapaji hodari wa karatasi za forodha katika Malaba nzima!

Emmaculate ni muuguzi. Wiki hii yuko zamu ya usiku, mchana analala. Nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia: yeye huko, mimi huku na kompyuta na kibodi ya mitumba, ile ambayo kila kitufe kina swichi na springi yake. Inalia ka! ka! ka! Sauti ya kazi.

Nikamwambia malori yanapiga honi mpakani kutwa naye hayalalamikii. Akajibu kwamba malori hayajapaki kando ya mto wake wa kulalia. Kisha akasema polepole kwamba jana alisinzia wima kazini, kipimajoto mkononi, mgonjwa ndiye aliyemwamsha.

Lakini akili ninayo. Siku tano ni nyingi mno.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma kwenye simu: swichi zinasuguana, zinataka grisi. Grisi sina. Nina mafuta ya kukamulia ng'ombe. Mafuta ni mafuta! Nikang'oa vitufe vyote mia moja na nne, nikapaka bila uchoyo.

Kelele zimepungua sana, kwa sababu vitufe vikishuka havipandi. Herufi A ilishuka saa nne ikakaa huko. Sharlyne, ajenti anayenipa kazi, amepokea fomu ya magunia mia mbili ya “mahaaaaaaaaaragwe”. Alipiga simu kuuliza kama niko salama. Nikasema ni mtandao.

Jumatano, 5 Machi
Etyang wa mlango wa pili alikuja kusalimu. Naye ni mchapaji. Laptop yake haitoi sauti hata akiwa na hasira. Alisema kwa upole kwamba kwake kunavuja, na kwamba nikienda Kocholia, Emmaculate anaweza kumkodishia kona yangu. Kisha akatabasamu. Nimeliandika tabasamu hilo moyoni.

Mpango mpya: sponji ndani ya kibodi, imeze mlio. Sponji bora nyumbani iko kwenye godoro la Emmaculate. Alipotoka kununua mboga nilikata kipande kidogo, saizi ya kibodi tu, upande wa miguu.

Kisha nikauona mto wake. Kumbe yeye hulaza kichwa upande ule.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi alirudi kutoka kazini, akajilaza, mara akaja kusimama juu yangu.

“Ejoku, godoro langu limeliwa na nini?”

“Panya, dada.”

“Panya wa kupima na rula?”

Nikangoja kufukuzwa. Badala yake akanawa mikono, akavuta kiti, akasema nilete hiyo kibodi. Akapangusa swichi moja moja kwa pamba na spiriti. Akanituma kwa Aluka, fundi wa baiskeli, nilete grisi safi na ule mpira mwembamba wa valvu. Grisi akaitia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone moja kila swichi. Mpira akaukata pete ndogondogo, moja chini ya kila kitufe. Ile sponji akaitandika ndani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimaliza saa nane, hajalala.

Mimi nilisimamia.

Nikabonyeza. Tup. Kama kuku anakanyaga vumbi! Nilimshukuru, nikamtandikia shuka.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Emmaculate amelala tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Alipoamka alinipikia chai, akaniita mdogo wangu, akasema nisahau habari za mihogo. Sharlyne ameleta kazi ya malori sita. Nimemweleza Aluka jinsi nilivyobuni kibodi hii.

Jumamosi, 8 Machi
Kuna kasoro moja. Kibodi imenyamaza mno! Nachapa na sijui kama nachapa. Mtu hawezi kufanya kazi kama anayeiba.

Nimeshapata jawabu. Kuna programu: ukibonyeza kitufe, kompyuta yenyewe inatoa mlio wa kibodi. Ka! ka! ka! Safi kuliko ule wa zamani. Spika sina, nikaenda kwa Etyang. Alinipa zake mbili kubwa hata kabla sijamaliza kuomba, akanibebea mpaka mlangoni. Nilimhukumu vibaya. Kumbe ni muungwana.

Emmaculate amerudi, amevuta pazia, ameshaanza kukoroma. Spika nimezielekeza upande wake, zisije zikaniumiza masikio.

Naanza na magunia ya Sharlyne.