Msalaba Wangu wa Shaba Waenda Lubumbashi

Jumatano, 25 Juni 2025. Kapata, Kolwezi.

Nimeamua. Parrain wa ndoa ya Glodi na Jémima nitakuwa mimi. Si Mwalimu Godefroid. Mimi, Kabasele, mpimaji wa mawe kwenye depo la madini, miaka kumi na minne kazini.

Parrain si mchezo. Anasimama na maharusi kanisani, anakaa meza ya mbele, na siku wakigombana ndiye anayeitwa. Heshima ya maisha yote. Glodi amesema jina litatangazwa Jumapili huko Lubumbashi. Jémima anachora, na picha yake moja imetundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya kule, kwa hiyo tunaenda sote na gari la Glodi: wao wawili, mimi na mke wangu Fifi, Godefroid na mke wake Simone.

Nina miaka hamsini na moja na Lubumbashi sijafika. Ni kazi tu. Godefroid amefika mara nyingi. Anafundisha historia, na tangu wiki jana anawaeleza watu namna ya kutembea ndani ya makumbusho. Eti polepole, mikono nyuma. Fifi anamsikiliza sana. Sipendi.

Alhamisi, 26 Juni.

Mpango umepatikana! Wachumba wanataka mtu mwenye jina. Jina langu litakuwa kwenye ukuta wa makumbusho, chini ya zawadi yangu. Godefroid ataleta nini? Chaki?

Zawadi ni msalaba wa shaba, ile misalaba ya wazee iliyotumika kama pesa zamani. Nimeupata kwa Gaston, yule mchomeleaji wa mtaa wa nyuma. Anasema creuseur mmoja, mchimbaji wa mkono, aliuchimbua kwenye machimbo ya Mutoshi, mita nane chini. Nilimkuta Gaston uani, anachoma rundo la nyaya. Mtu wa usafi, hapendi takataka zikae.

Nimeupima kwa Metorex, ile mashine yetu ya depo yenye umbo la bastola. Teneur, yaani kiasi cha shaba ndani yake: tisini na tisa nukta tisa! Katika maisha yangu yote ya kazi sijaona namba kama hiyo. Wazee wetu walijua kazi.

Nitaibeba na mashine yenyewe, ili watu wa makumbusho waone kwa macho yao. Patron, mwenye depo, yuko Kinshasa hadi wiki ijayo, kwa hiyo nimejipa ruhusa. Fifi ameuliza kitu gani kizito kiko kwenye kapu lake chini ya samaki. Nimemwambia ni mambo ya wanaume.

Ijumaa, 27 Juni. Lubumbashi.

Safari ndefu, vumbi, malori ya madini mbele na nyuma. Godefroid alifundisha njia nzima. Tulipopita njia ya Tenke alieleza reli, mwaka hadi mwaka. Nikajibu kwa kutaja teneur ya kila kilima tulichokiona. Simone alilala. Nahesabu kwamba tulitoka sare.

Mji mkubwa, barabara pana, watu wamevaa vizuri. Kuna mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda katikati ya mji na hakuna anayeushangaa. Nilimwomba Glodi asimame nishuke kupima kidogo. Akacheka, akaendelea. Kijana mzuri huyu. Ananiita tata, yaani baba, kwa heshima kuliko anavyomwita Godefroid. Nimesikiliza tofauti kwa makini.

Tunalala kwa shangazi yake Jémima. Jioni Jémima alinimiminia chai mimi kwanza. Nikamtazama Godefroid. Alijifanya anasoma gazeti.

Jumamosi, 28 Juni.

Siku kubwa. Naandika yote kama yalivyotokea, maana wengine watayapotosha.

Tuliingia makumbusho saa nane. Wenzangu walienda moja kwa moja ukumbi wa picha, kuona ile ya Jémima. Mimi nilibaki, kwa sababu kazi kwanza. Nilitoa Metorex kwenye kapu. Mlinzi wa mlangoni aliinua mikono juu. Bibi mmoja mtalii alilala chini, kamera na yote. Nilieleza kwa sauti kubwa kwamba si silaha, ni mashine ya mawe, na kuthibitisha nikapima kifungo cha koti la mlinzi. Bati. Hakufurahi.

Walimwita Mama Honorine, mkuu wa vitu vya kale. Mwanamke mtulivu, miwani kwenye kamba. Nilimweleza zawadi. Akanipeleka kwenye meza ambako kuna msalaba wa kweli ambao wageni wanaruhusiwa kuugusa, akanikubalia niupime. Tisini na saba. Nikapima wangu. Tisini na tisa nukta tisa! Nikamwambia asione haya, kila mtu hupata alichopata, lakini kuanzia leo makumbusho yake yana kitu bora.

Mama Honorine aliugeuza msalaba wangu, akaufuta kwa kitambaa chake, akatabasamu. Akasema, "Tata, hii shaba iko safi sana. Bankambo habakukuwa na nsinga ya courant." Yaani mababu hawakuwa na nyaya za umeme. Kwa maelezo yake, shaba iliyoyeyushwa na wazee haikosi uchafu kidogo, na safi namna hii hutoka kiwandani, ikawa waya, kisha mtu akaiyeyusha tena. Juzi juzi, alisema.

Nimefanya kazi ya mawe tangu yeye yuko shule. Tangu lini teneur kubwa ikawa kosa? Kwenye depo letu tisini na tisa mtu anabebwa mabegani. Nilimfuata hadi ukumbi wa picha nikimweleza hivyo.

Wenzangu walikuwa wamesimama pale. Glodi aliniita: "Tata Kabasele, kuya kwanza huku, tuko na neno." Alikuwa na bahasha nyeupe mkononi. Nilimwomba asubiri. Kwenye ukuta mkubwa, mahali pazuri kabisa penye mwanga, palikuwa na picha ya mtu mnene ameinama juu ya mizani, kofia imemfunika uso, tumbo limemwagika kwenye mshipi. Nikamwonyesha Mama Honorine. Nikasema tatizo lao si shaba yangu, tatizo ni nafasi. Washushe kitambi hiki, anachukua ukuta bure, na kwa jinsi anavyoshika mizani ni mwizi wa kilo. Watundike msalaba wangu hapo, na jina langu chini.

Hakuna aliyejibu. Nilichukua hilo kama dalili ya kukubali. Kisha Jémima akatoka nje, nadhani kwa ajili ya hewa. Glodi akarudisha bahasha mfukoni. Godefroid alitazama viatu vyake, mikono nyuma.

Ya Jémima sikuipata. Nitamwomba Fifi anieleze ilikuwa ipi.

Jumapili, 29 Juni.

Baada ya misa, mezani, Glodi alisimama. Akatoa bahasha. Akampa Godefroid, parrain wao.

Nilipiga makofi. Nilipiga vizuri kuliko wote. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, karibu na bomba la maji. Iliniuma. Naandika mara moja tu: iliniuma sana.

Fifi alikuja akakaa kando yangu. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Akasema, "Ule mutu wa ku picha njo weye."

Sikuelewa. Akaeleza polepole. Picha ile ni ya Jémima. Mtu yule ni mimi, deponi, miaka saba iliyopita, siku Glodi alipokuja na mfuko wake wa kwanza wa mawe toka Mutoshi, ana miaka kumi na tisa. Depo tatu zilimwambia teneur ni mbili. Mimi nilimwambia tisa, na patron akanikata mshahara. Kwa mfuko ule Glodi alianza maisha. Amemsimulia Jémima mara nyingi hadi akaichora. Bahasha ilikuwa na jina langu tangu wiki tatu zilizopita, hadi jana. Walitaka wanipe mbele ya picha. Fifi alijua siku zote na alikuwa ameapa kunyamaza.

Nilikaa pale mpaka maji ya bomba yakakatika. Kisha nikaenda kumwomba Jémima msamaha. Alinipokea kwa adabu, akasema si kitu, tata. Godefroid alinisogezea kiti karibu naye. Angeweza kutosogeza.

Jumatatu, 30 Juni. Kapata.

Tumerudi. Sikukuu ya uhuru, mji mzima unakunywa. Mimi nafikiri.

Siku ile ya mfuko wa Glodi naikumbuka vizuri. Mvua, foleni ndefu, kijana ana matope hadi shingoni. Mashine ilisema tisa, nikasema tisa. Sikuwa namtafuta mtu wala heshima. Sikuwa na mpango wowote.

Fifi amesema nilifikirie sana jambo hilo. Nimelifikiria asubuhi nzima na jibu liko wazi. Kama bila mpango wowote nimewekwa kwenye ukuta wa makumbusho, basi kwa mpango mzuri wangenichongea sanamu! Mimi ndiye niliyejipunja, miaka yote hii.

Glodi na Jémima watazaa, Mungu akipenda, na mtoto atahitaji parrain wa ubatizo. Nimempigia Gaston simu ayeyushe msalaba mwingine, safari hii achanganye na udongo kidogo, teneur isizidi tisini na saba. Jémima naye nimempigia mara tatu kumwomba apunguze lile tumbo. Hajapokea, lakini leo ni sikukuu.