Shangazi na Karanga za Mkaguzi

Leo nimeaibika jamani, sina hata pa kuuweka uso.

Mnajua natengeneza siagi ya karanga hapa Masasi. Kuna duka kubwa Mtwara limekubali kuipokea, ila lazima mkaguzi aipitishe: siagi ipimwe sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na yeye mwenyewe aone karanga zinakotoka. Zinatoka kwa shangazi yangu, Mama Fadhili, kijijini huko Newala. Basi jana nikampigia simu. Nikamwambia mgeni wa serikali anakuja, karanga ziwe safi, asikute hata vumbi. (Mdomo wangu huu!)

Njia nzima leo nimemchosha mkaguzi kwa sifa. Eti ukungu unataka maji, na Newala maji yenyewe ni ya kununua kwa ndoo, nani atazimwagia karanga? Akacheka. Nikajiona mjanja.

Tumefika, uwanja umefagiliwa, shangazi kavaa kitenge cha harusini. Shikamoo, marahaba, tukaingia ghalani. Magunia yamepangwa vizuri, yamefungwa. Mkaguzi akafungua moja, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Mkono ukatoka umelowa.

Akaunusa. Akanitazama. Mimi nikatazama paa.

"Mama, hizi karanga zimenyeshewa?"

"Hata kidogo, mwanangu," shangazi akasema, tena kwa fahari. "Nimeziosha asubuhi. Maji yetu ya wiki nzima yameishia humo. Na sabuni nimetia."

(Sabuni!)

Mkaguzi akauliza kwa upole ni nani aliyemwagiza. Shangazi akaninyooshea kidole huku anatabasamu, anataka na mimi nisifiwe.

"Huyu hapa. Alisema usikute hata vumbi. Umeliona vumbi?"

Kusema kweli, hakuliona.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini utamgombeza vipi mtu aliyemaliza maji yake ya kunywa kwa ajili yako? Nikameza hasira. Mkaguzi kakataza karanga hizi zisiguse siagi yangu, na kibali nisubiri mpaka apime mzigo mwingine. Nikampigia mwenye duka nikamweleza. Kasema atanitafuta. Mpaka sasa kimya.

Nawaandikia nikiwa uwanjani kwa shangazi, nageuza karanga zinazonuka sabuni ya kufulia, angalau tuokoe mbegu. Na wingu linapanda kutoka upande wa Ruvuma. Atakayecheka aje na turubai.