Cheti cha Kukatika Pumzi

Jumatatu, 3 Machi
Nimefumaniwa tena nimelala ghalani, juu ya mifuko ya saruji. Meneja kasema hii ndiyo ya mwisho: nilete cheti cha daktari kwamba naumwa, la sivyo nikabidhi funguo. Kuumwa! Mimi, buheri wa afya! Mke wangu hudai kwamba nakoroma mpaka mabati yanatikisika, kisha nanyamaza kama maiti. Uzushi mtupu. Ila uzushi wenye faida! Nimeomba kipimo cha usingizi.

Jumanne, 4 Machi
Usiku nalala hospitali. Mpango: nibane pumzi mpaka asubuhi, mashine ihesabu, nipate ugonjwa wa kutosha. Shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja kututembelea mwaka jana na bado yuko sebuleni, kanicheka. Eti mtu mzima anasomea kulala! Yeye akilaza kichwa, kimya hadi kukuche. Simpendi.

Jumatano, 5 Machi
Nyaya kichwani, mrija puani, kidude cha kubana kidoleni. Nimebana pumzi mpaka masikio yakavuma. Alfajiri usingizi ukanipitia, bahati mbaya. Hata hivyo, kazi nimeipiga.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu. Nimekwenda na mke wangu. Daktari kasema mashine humhesabu aliyelala tu. Mimi nilikuwa macho karibu usiku mzima, kwa hiyo jasho langu lote limekwenda bure. Kazi ndiyo basi!

Kisha kasema usingizi wa alfajiri, uliodumu saa mbili na ushei, umetosha. Pumzi zilikatika mara arobaini na nne kwa saa. Chini ya tano ni kawaida, kuanzia thelathini ni kali. Arobaini na nne! Shuleni sikuwahi kufikia alama hizo. Nikampa daktari mkono wa pongezi. Hakucheka. Kasema oksijeni inashuka, moyo unachoka, ubongo unanigutusha kila mara ili nivute hewa, ndiyo maana mchana nasinzia.

Nikamgeukia mke wangu tushangilie. Analia! Kumbe vile viwiko vya mbavuni usiku havikuwa uchokozi. Akisikia kimya, ananigonga nivute pumzi. Miaka yote hii. Nimeona aibu, na nimeogopa kweli. Mpaka nilipokabidhiwa cheti.

Jumatatu, 10 Machi
Ushindi! Funguo ninazo. Tena meneja kanihurumia: mpaka nipone, ruhusa kujilaza chumba cha mapumziko kila baada ya chakula cha mchana. Sharti moja, nivae kila usiku barakoa ya mashine ya kupuliza hewa. Mashine inapeleka taarifa hospitali, hospitali inamjulisha meneja.

Jumanne, 11 Machi
Nimeivaa. Nimelala fofofo. Mke wangu naye kalala, kaamka anaimba. Msiba! Mchana nimejilaza macho makavu, natazama dari. Nikipona, ruhusa imekwisha.

Jumatano, 12 Machi
Ufumbuzi! Mke wangu akishasinzia, barakoa naivalisha mto. Mashine inavuma, hospitali inaridhika, mimi nabaki na ugonjwa wangu.

Ijumaa, 14 Machi
Muuguzi kapiga simu. Kauliza kama niko hai. Taarifa inaonyesha nimelala na barakoa usiku kucha bila kuvuta pumzi hata moja. Nimemhakikishia sijambo. Kosa langu nimeliona waziwazi: mto haupumui. Shemeji anapumua vizuri sana. Nimeshamwambia hewa ile inang'arisha ngozi.