Hotuba ya Kuifunua Kompyuta ya Mama Nelima

Naibu Chifu wetu mpendwa, ambaye hajafika lakini kiti chake kimefika mapema na tunakitambua. Wazee wa mtaa, pamoja na wale ambao bado wanakataa kuitwa wazee. Mchungaji uliyetuombea kwa kirefu. Akina mama wa chama. Vijana wa bodaboda. Wageni wetu wa Ahero mliovuka maji ya mafuriko mkafika na viatu mkononi. Bwana Laban, mwenye studio ya video kule Bondo, ambaye naona anatazama saa. Mama Nelima, mwenye sebule hii. Na mwisho kabisa, kwa unyenyekevu ninaojulikana nao kuanzia hapa Kisumu hadi Kombewa, mimi mwenyewe, Sydney Obonyo, Mwenyekiti wa Mradi wa Kompyuta Kila Nyumba, ambaye nyinyi kwa mapenzi yenu mnaniita kwa Kijaluo Jakom: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Sauti: Jakom! Jakom!)

Tumekusanyika asubuhi ya leo, katika kikao hiki cha stakeholders wote, yaani wadau, kwa shughuli mbili zinazoshikana mikono. Ya kwanza ni kuizindua rasmi kompyuta ya kwanza ya mradi, ile mnayoiona mezani karibu na mlango, skrini yake ikiwa wazi, na lile sanduku lake tunaloliita CPU likiwa limevikwa kitambaa kizito cha mahameli nyekundu, kilichofungwa utepe na kudariziwa jina langu kwa uzi wa dhahabu. Kitambaa hicho nilikivika mimi mwenyewe wiki jana, na nikaagiza kisiguswe na mtu yeyote mpaka nimalize hotuba hii. (Makofi. Mtu anakohoa.) Shughuli ya pili ni hii changamoto ndogo ya kasi.

Kwa wale mliochelewa, Mama Nelima huhariri video za harusi na mazishi hapa hapa sebuleni. Bwana Laban anatafuta mtu mmoja wa kumkabidhi kazi zote za studio yake, na sharti lake ni moja tu: kompyuta ipite mtihani wa kasi, yaani programu inayoikimbiza mashine kwa nguvu zake zote halafu inaipa alama. Mashine ya aina hii hutarajiwa kupata alama elfu tisa. Hii yetu, tangu wiki jana hadi leo alfajiri, imekuwa ikipata elfu tatu na chenji. (Minong'ono ya huruma.) Bwana Laban, kwa uungwana wake, amekubali ijaribiwe mara moja zaidi, na ikianguka tena ataelekea Ahero, ambako kuna mtu mwingine anayemsubiri. (Nelima: Jakom, fupisha tafadhali. Hii kazi ikienda Ahero, mimi nimekwisha.)

Nimekusikia, mama, na ninafupisha kwa mapana yake. Ofisi yangu haikulala. Mara tu taarifa ya alama hizo duni ilipotufikia, tuliunda task force ya watu kumi na wanne, yenye mwenyekiti, naibu mwenyekiti na mwenyekiti wa kumshauri mwenyekiti, ikapewa jukumu la kubaini chanzo, kubainisha kiini na kuainisha mzizi. Kwanza tulishuku intaneti, tukaibadilisha, ingawa baadaye tuliarifiwa kwamba mtihani huu hauhitaji intaneti. Kisha tukashuku wale wadudu wa ziwani wanaojazana kwenye taa jioni, tukafunga madirisha yote, na hewa ikaisha humu ndani mpaka Mchungaji akaanza kusinzia. Tukaigeuza meza itazame ziwa. Tukaizima kompyuta na kuiwasha tena, baada ya kupiga kura, na hoja ikapita bila kupingwa. Hatimaye, kwa kuwa elimu haina mwisho, wanakamati walisafiri hadi Naivasha, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, kujifunza jinsi kompyuta za wenzetu zinavyokimbia, na utafiti wetu unaonyesha kwamba asilimia tisini na tatu ya wanakamati waliridhika kabisa. Asilimia saba iliyobaki ni katibu wetu Valarie, ambaye hakukuta nafasi kwenye gari. (Kicheko. Valarie anatazama dari.)

(Nelima anagusa sanduku juu ya kitambaa na kuondoa mkono haraka: Woi! Jakom, hii kitu inachoma kama jiko! Hebu tutoe hii nguo.)

Hapana, hapana, mama. Kitambaa hicho kipo kwa mujibu wa itifaki. Tena joto lisikutishe, maana joto ni ushahidi wa bidii. Nitazameni mimi mwenyewe, nimesimama mbele yenu ndani ya suti ya sufu, shati, fulana na tai, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, na ni nani hapa atakayesema sifanyi kazi? (Mama Waringa, muuza nguo za mitumba, kutoka nyuma: Vua koti, Jakom, utazimia!) Kuna mwananchi anapendekeza nivue koti. Hiyo ndiyo public participation. Mimi ni kiongozi msikivu, kwa hiyo nitalivua. (Anavua koti. Anapumua kwa nguvu.) Aaa! Jameni! Mnaona? Sasa hata ulimi umekuwa mwepesi, fikra zinakuja kwa mbio, ningeweza kuwahutubia mpaka kesho. (Mama Waringa: Na kompyuta je?)

Kompyuta je, nini?

(Mama Waringa: Hiyo yenye umeivalisha koti!)

(Kicheko kikubwa. Mchungaji ameamka. Wageni wa Ahero wanapiga meza.)

Utulivu, ndugu zangu, utulivu! Kitambaa cha uzinduzi si koti. Kila mmoja wenu nyumbani kwake ameifunika redio, ameifunika televisheni, ameyafunika makochi kwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, na hakuna aliyeniletea malalamiko kwamba kochi lake limepunguza kasi. Zaidi ya hayo, utaratibu ni hotuba kwanza, kufunua baadaye, na hapa nina kurasa zangu kumi na moja zinazogusia historia ya kompyuta, historia ya mtaa wetu na historia yangu. (Laban anasimama na kuchukua begi. Nelima: Jakom, tafadhali. Nimehariri harusi za watu usiku na mchana nipate jina, na leo nimepata mtu wa kuniamini. Usiniharibie kwa sababu ya nguo.)

(Jakom anazikunja kurasa zake.)

Bwana Laban, keti kidogo. Mama Nelima, usilie. Mimi ni mwenyekiti lakini pia nina mama. Kwa mamlaka niliyojipa, ninaziruka kurasa zote, hata ile yenye picha yangu nikipokea cheti, na ninatamka kwamba kompyuta hii, kuanzia sasa, imefunuliwa! (Anavuta utepe. Kitambaa kinaanguka. Hewa ya moto inampiga usoni. Anarudi nyuma hatua mbili. Feni iliyokuwa ikilia kwa uchungu inashusha pumzi taratibu.)

Mama yangu! Tanuri kabisa. Basi ipumzike, nasi tunyamaze kidogo, jambo ambalo kwangu si rahisi. (Wanangoja. Anafungua mdomo, Valarie anamtazama, anaufunga.) Sasa, mama, bonyeza. (Nelima anaanzisha mtihani. Wote wanainama kuelekea skrini. Akina mama wa chama wameshikana mikono.) Msinisukume. Imefika nusu. Inakaribia. Someni wenyewe, mimi miwani yangu iko kwenye koti. (Sauti nyingi: Elfu tisa na mia tatu! Vigelegele. Laban anaweka begi chini na kumpa Nelima mkono: Jumatatu tuanze, mama. Nelima anajifuta macho kwa leso, anacheka.)

Mmejionea wenyewe nguvu ya uzinduzi! Alama elfu sita zimeongezeka kwa mkono mmoja, mkono huu, na ninaomba iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za kikao. (Valarie: Nitaandika ulichotoa ni kitambaa.) Andika vyovyote, mradi jina langu liwe la kwanza.

Tunapofunga, nikisema kompyuta, nyinyi mseme kila nyumba. Kompyuta! (Kila nyumba!) Kompyuta! (Kila nyumba!) Kasi! (Mbele!) Jakom! (Kicheko.) Basi inatosha.

Namshukuru Mchungaji kwa maombi, namshukuru Bwana Laban kwa subira, na zaidi ya wote namshukuru Mama Nelima, ambaye aliinunua kompyuta hii kwa jasho lake, akaileta kwa bodaboda akiwa ameipakata, akaiweka kwenye meza yake na kuilipia stima, muda mrefu kabla mimi sijauota mradi huu, na wiki jana, nilipobisha hodi nikiwa na mpiga picha, akaniruhusu kwa moyo safi niiite ya kwanza. (Mama Waringa: Ngoja, Jakom. Si tuliandikisha majina tupewe kompyuta? Zetu ziko wapi?) Swali zuri, mama, na linastahili jibu la kiongozi. Ofisi hatuna, bajeti haijaandikwa, na mfadhili sidhani amezaliwa. Lakini msirudi nyumbani na huzuni, kwa maana ninawahakikishia mbele ya Mchungaji kwamba kompyuta zenu zipo, tena mpya, hazijaguswa na mtu, zinawangoja pale pale Mama Nelima alipoipata yake. Asanteni sana kwa kuja, erokamano, Mungu awabariki, na duka hufungwa saa kumi na mbili jioni.