Chura wa Studio ya Nyakato

Leo nimedhalilika mbele ya kwaya nzima, na sina wa kumlaumu.

Kwaya yetu imepata kazi ya kurekodi nyimbo za filamu ya wapagazi, wale mababu waliokamatwa enzi za Mjerumani wakabebeshwa mizigo ya vita. Hakuna kinanda, hakuna ngoma. Sauti tupu. Kuna wimbo mmoja wa maombolezo, na katikati yake mtu mmoja anaimba mistari mitatu peke yake. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Niseme ukweli, niliomba mwenyewe. Babu yake baba yangu alichukuliwa hivyohivyo. Hakurudi. Hatuna kaburi lake, tuna jina tu, na ndilo ninaloitwa. Baba, kule Buhongwa, ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanae atamlilia mzee kwenye filamu.

Kwa hiyo tangu jana mchana sijala. (Nilisikia mahali kwamba tumbo tupu linasafisha sauti. Msiniulize wapi.)

Saa nne asubuhi tukaanza. Studio yenyewe ni chumba kidogo, kuta zimezibwa kwa magodoro. Tukaimba. Ikafika zamu yangu, wote kimya, nikavuta pumzi...

"Simameni!" Mwongozaji wa filamu, dada mmoja asiye na utani, akavua hedifoni. "Kuna kitu kinanguruma."

Tukazima feni. Tukarudia.

"Bado."

Tukazima simu. Tukavua viatu, watu ishirini, soksi zilizotoboka zote hadharani.

"Bado kipo. Kama chura."

"Nani kaja na chura?" akafoka Mwalimu Leokadia, mwalimu wetu wa kwaya. (Aliuliza kwa dhati kabisa, jamani!)

Deus, ninayesimama naye safu moja, akainama kuchungulia nyuma ya godoro. Hapo mimi nilishajua. Nilikuwa namsikia huyo chura kwa ndani. Lakini nikainama, nikamsaidia kumtafuta!

Dada akachomoa maiki kwenye stendi, akaipitisha mbele yetu mmoja mmoja. Akanifikia. Akashuka kifuani, akashuka tena. Tumbo likaitika: grrruuuui!

"Kaka, umekula?"

"Sijala, dada. Tangu jana."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa natunza sauti."

Chumba kikalipuka. Mwalimu Leokadia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi, akasema kwa upole ulioniuma kuliko kicheko: "Deus, imba wewe."

Deus akaimba. Akaimba vizuri, ndiyo shida. Nilisimama nyuma karibu na mlango, nikimsikiliza mtu mwingine akimlilia babu yangu. Baadhi ya akina mama wakaanza kulia kweli. Mimi nilishindwa hata kulia, niliogopa maiki.

Tulipomaliza, dada akaniita pembeni. Nikajua napewa nafasi nyingine.

"Ile rekodi ya kwanza sifuti," akasema. "Wale wapagazi wengi walikufa kwa njaa. Mngurumo wako nitauweka pale wanapolala porini."

Nikamshukuru.

Baba amepiga mara tatu, sijapokea. Najua atauliza kama nimo kwenye filamu. Nimo! Mwenye busara anisaidie maneno ya kumwambia mzee, na anayetaka kucheka, tafadhali, acheke kimoyomoyo.